Muulize Mwalimu wa Kemia: doa la mchuzi linalogeuka jekundu, magadi kwenye maharage na maji yasiyomiminwa kwenye asidi

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kuliko kawaida, nadhani kwa sababu mitihani ya nusu muhula inakaribia na asidi na besi ndo mada inayowanyima watu usingizi. Nusu ya maswali ni swali lile lile limevaa nguo tofauti, "mwalimu nimekariri yote ila sielewi". Nimechukua machache. Wale mlionitumia picha za homuweki nzima mkitaka niwafanyie nimewaona, na jibu ni hapana.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili, Tanga. Jumapili nilimwagikiwa mchuzi wa samaki kwenye shati la shule, doa likawa njano. Nilipopaka sabuni ya mche likageuka jekundu kama damu, nikadhani nimeshaua shati. Nikasuuza likarudi njano! Mama anasema sabuni ni feki. Ni kweli?

Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana ila mwambie sabuni haina kosa. Ulichokiona kwenye beseni ni kile kile mnachofanya labu na karatasi za litimasi, zile zinazobadilika rangi zikigusa asidi au besi, tena chako kimeonekana vizuri zaidi manake shati ni jeupe.

Iko hivi. Mchuzi wenu umetiwa manjano, na ndani ya manjano kuna kitu kinaitwa kurkumini, ndo chenye ile rangi. Kurkumini ikiwa kwenye asidi au kwenye maji ya kawaida inabaki njano, ikikutana na besi inanyang'anywa haidrojeni, umbo lake linabadilika kidogo, na ikishabadilika inafyonza mwanga mwingine kwa hiyo wewe unaona wekundu wa tofali. Sabuni ya mche ni besi, pH yake (namba ya kupimia, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi) huwa kwenye 9 hadi 10 hivi. Ukipaka doa linaiva, ukisuuza besi inaondoka, haidrojeni inarudi mahali pake na doa linarudi njano. Unaweza kulipeleka na kulirudisha hata mara kumi, kamulia ndimu, paka sabuni, kamulia ndimu tena. Kitu chenye tabia hiyo tunakiita kiashiria.

Sasa usiishie kwenye shati. Chukua kijiko cha chai cha manjano ya unga, koroga kwenye robo kikombe ya spiriti ile ya kusafishia vidonda (mbali na jiko, spiriti inashika moto haraka kuliko unavyodhani), iache itulie, chovya vipande vya karatasi nyeupe isiyo na mng'ao, anika kivulini. Hapo una karatasi za kupimia besi za mwezi mzima kwa bei ya pakiti moja ya manjano. Ila jua udhaifu wake, manjano haitofautishi ndimu na maji ya bomba, kwake zote ni njano tu. Kupima upande wa asidi chemsha maua makavu ya choya, yale ya juisi nyekundu ya mwezi wa Ramadhani, chuja, halafu weka kidogo kwenye glasi mbili. Moja tia ndimu, inang'aa nyekundu. Nyingine tia magadi kidogo, inageuka bluu-kijani ya ajabu ajabu hata hutatamani kuinywa, na usiinywe. Chai ya rangi nayo ni kiashiria ambacho watu wanakiangalia kila asubuhi bila kukiona, kamulia ndimu uone inavyopauka palepale.

Na kwa kuwa uko pwani nikupe hii. Litimasi haitoki kiwandani kwenye madawa, inatoka kwenye vile viumbe vinavyoota kama ukoga mkavu juu ya mawe na magome ya miti. Jamaa zao wa pwani yetu wazee waliwaita marere, na karne ya 19 marere ilipakiwa kwenye meli kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau ya vitambaa. Hata yule Robert Boyle, mwanakemia mzaliwa wa Ireland aliyeandika mwaka 1664 kuhusu rangi zinazobadilika kwenye asidi na alkali, alitumia sharubati ya maua. Kwa hiyo wewe na choya yako mko kwenye njia ya wakubwa.

Shati lenyewe: fua, halafu anika kwenye jua kali likiwa bado bichi. Kurkumini haivumilii jua, doa litafifia lenyewe.

Mwalimu, notsi za form one zinasema asidi ni kitu kichachu kinachogeuza litimasi ya bluu kuwa nyekundu. Form three tunaambiwa asidi ni kitu kinachotoa protoni. Nishike ipi? Kidato cha tatu, Dodoma.

Zote. Ya kwanza inakuambia asidi inafanya nini, ya pili inakuambia kwa nini inafanya. Mtihani ukikuuliza "eleza tabia za asidi" andika ya kwanza, ukikuuliza maana kwa kufuata Brønsted na Lowry andika ya pili, usichanganye.

Na usijisikie mjinga, hata wenye akili zao walihangaika hapa miaka mia na zaidi. Lavoisier wa Ufaransa aliamini oksijeni ndo inayofanya kitu kiwe asidi, na jina lenyewe oksijeni alilichukua kwenye Kigiriki likimaanisha mzaa ukali, kosa likapita kwenye jina na tunalo mpaka leo. Baadaye, 1810, Humphry Davy akaonyesha kwamba klorini ni elementi, kwa hiyo asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata ya kulambia, ni haidrojeni na klorini basi. Mwaka 1884 kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, akaandika tasnifu yake pale Uppsala kuhusu vitu vinavyogawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji, vikiingia majini, maprofesa wakamtazama kwa jicho la pembeni wakampa daraja la chini. 1903 akapewa Nobel ya kemia kwa wazo hilo hilo! Hiyo ya protoni ikaja 1923, Brønsted Denmark na Lowry Uingereza, kila mtu kivyake.

Protoni ni nini hapa? Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, ukiiondolea elektroni kinachobaki ni protoni tupu. Fikiria daladala, haidrojeni ndo abiria. Asidi ni gari linaloshusha, besi ni gari linalopakia. Asidi ya haidrokloriki ikifika kituoni, yaani ikiingia kwenye maji, inashusha wote, gari linabaki tupu, hiyo ndo tunaita asidi kali. Siki inashusha wawili watatu wengine wanabaki wamekaa, kwenye siki ya dukani katika molekuli 1000 ni kama 5 tu ndo zimeachia protoni. Hiyo ni asidi dhaifu. Wengi mnachanganya asidi dhaifu na asidi iliyozimuliwa na hapo ndo maksi zinapotea, unaweza ukawa na siki nyingi sana kwenye maji kidogo, bado ni dhaifu kwa tabia, gari limejaa tu na watu hawashuki.

pH basi ni kuhesabu abiria walioko barabarani. Aliyeibuni ni Sørensen mwaka 1909, alikuwa anafanya kazi maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen (bia nayo inahitaji asidi iwe sawa sawa). Kila namba moja ukishuka, asidi inaongezeka mara kumi. Kutoka maji safi yenye 7 mpaka maji ya limao yenye kama 2 ni ngazi tano, yaani mara laki moja.

Habari mwalimu. Mimi sio mwanafunzi, ni mama wa nyumbani Arusha, jarida ni la mwanangu ila namsomea. Kwa nini magadi yanaivisha maharage haraka? Na mbona sufuria langu linakuwa jeusi?

Nzuri mama, na karibu, maswali ya jikoni ndo nayapenda kuliko yote.

Punje ya maharage imejengwa kwa vyumba vidogo vidogo vilivyogandishwa pamoja na kitu kama gundi, inaitwa pektini. Maharage kuiva maana yake gundi hiyo imeachia. Sasa magadi ni besi, na besi inaivunja pektini haraka, tena sodiamu ya kwenye magadi inachukua nafasi ya kalsiamu iliyokuwa inaishikilia gundi. Nusu ya kuni umeokoa. Asidi inafanya kinyume, inaikaza gundi, ndo maana ukitia nyanya au ukwaju maharage yakiwa bado magumu utachemsha mpaka jirani aje kuuliza mnapika mawe. Nyanya zije mwishoni.

Magadi yenyewe hayatoki mbali na kwenu. Pale ziwa Natron mlima Ol Doinyo Lengai unatoa lava isiyofanana na ya volkano nyingine yoyote inayowaka leo duniani, imejaa kabonati ya sodiamu, inatoka nyeusi na inafika nyuzi 500 na kitu tu za joto, halafu ikikutana na unyevu wa hewani inageuka nyeupe. Mvua na chemchemi zinashusha chumvi hizo ziwani, jua linakausha, kinachobaki ni magadi: kabonati na baikabonati ya sodiamu zimeshikana pamoja na maji kidogo. Ng'ambo ya mpaka ziwa Magadi Kenya kampuni inachimba tangu 1911.

Ila mama usimwage kwa kiganja. Magadi yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya sabuni, vitamini B1 inakufa, na magadi ya kanda yenu mara nyingi yana floraidi nyingi, ile ile inayofanya meno ya watoto yawe na madoa ya kahawia. Ncha ya kijiko inatosha, au loweka maharage usiku kucha maji ukayamwage asubuhi, utafika hapo hapo bila magadi.

Sufuria: alumini imejifunika ngozi nyembamba sana ya oksidi, ndo inayoilinda. Magadi yanaila ngozi hiyo na kuacha uso mweusi. Chemsha maji na maganda ya ndimu dakika kumi humo, asidi itang'oa weusi na sufuria litang'aa. Mwanao akiuliza mwambie alumini inamenyuka na asidi na besi pia, mwalimu wake atafurahi akilisema darasani.

Mwalimu wetu anasema asidi imiminwe kwenye maji, maji yasimiminwe kwenye asidi. Hasemi kwa nini. Si mwisho vinachanganyika vyote? Kidato cha nne, Mwanza.

Vinachanganyika ndio, swali ni wewe utakuwa umesimama wapi na una macho mangapi wakati vinachanganyika.

Asidi ya salfuriki nzito ikikutana na maji inatoa joto jingi sana kwa mara moja. Halafu ni nzito kweli kweli, milimita ya ujazo, samahani, mililita moja ina gramu 1.84, ya maji ni gramu 1. Ukimimina maji juu ya asidi yanaelea juu kama mafuta juu ya supu, joto lote linatoka pale yanapogusana, maji kidogo yale yanachemka papo hapo na yanarusha asidi juu. Ukigeuza, ukimimina asidi polepole kwenye maji mengi huku unakoroga na kijiti cha kioo, asidi inazama chini, maji yapo mengi ya kulimeza joto, chombo kinapata moto tu basi.

Mimi nimejifunza hili kwa suruali. Shuleni kwetu, siitaji jina, labu ilikuwa chumba kimoja na bomba lililotoa maji likijisikia, tulikuwa kumi na wawili kwenye meza moja na mwenzangu mmoja mwenye haraka akamimina maji kwenye bika yenye asidi, manake mwalimu alikuwa ametoka kidogo. Ikalia kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji. Hatukuumia, tulicheka hata. Jioni nikafua suruali yangu ya kaki, nikaianika, kesho yake naivaa ina matundu matatu kwenye paja, kila moja kama punje ya mtama. Nilizunguka na matundu yale mpaka likizo.

Asidi hiyo inavuta maji kutoka popote, hata kutoka kwenye sukari nyeupe, inaacha kaa jeusi tupu. Kwa hiyo ikikurukia: maji ya bomba yanayotiririka, mengi, dakika 20, nguo iliyolowa uivue, kama ni macho fumbua chini ya maji hivyo hivyo na ukimbizwe hospitali. Usipake magadi wala sabuni eti unaipoza, kumenyuka kwenyewe kunatoa joto juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Hii iwafikie na wadogo zetu wa gereji pia, maji ya betri ya gari karibu theluthi nzima ya uzito wake ni asidi hiyo hiyo, na nimeona watu wanayabeba kwenye chupa za soda.

Ticha, kubalansi ikwesheni kunanishinda. Natia namba mpaka zinakaa sawa, lakini napata kosa. Form Two, Mombasa.

Ukaniandikia na mfano wako, nauweka hapa: NaOH + H2SO4 → Na2SO4 + H2O, halafu ukaisawazisha kwa kuandika H3O upande wa kulia. Hesabu ya haidrojeni imekubali, kemia imekataa!

Namba ndogo ya chini ni mwiko kuigusa. Ile inasema kitu chenyewe ni nini. H2O ni maji, ongeza hapo oksijeni moja iwe H2O2 umepata ile dawa ya saluni ya kupausha nywele, kuna mtu atakunywa akidhani ni maji. Wewe unaruhusiwa kugusa namba kubwa ya mbele tu, yaani unaruhusiwa kusema nataka baiskeli ngapi, huruhusiwi kuitengeneza baiskeli ya magurudumu matatu ili hesabu yako ya magurudumu ikubali.

Anza na kile kinachoonekana kina njaa. Kulia sodiamu ziko 2, kushoto 1, weka 2 mbele ya NaOH. SO4 ichukue kama furushi moja lililofungwa, lipo moja kila upande, achana nalo. Sasa haidrojeni kushoto ni 2 na 2, jumla 4, kulia 2, weka 2 mbele ya H2O. Hesabu oksijeni uhakikishe: 6 na 6. Imekwisha: 2NaOH + H2SO4 → Na2SO4 + 2H2O. Na uone jambo moja, oksijeni kwenye mfano wako wa mwanzo zilikuwa 5 na 5 tayari, ukianza nazo zingekudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Oksijeni na haidrojeni ziache mwisho.

Nachanganya Jik na dawa ya chooni yenye asidi ili choo kitakate zaidi. Nakohoa sana nikimaliza. Ni vumbi? Temeke.

Acha leo. Sio vumbi, hiyo ni gesi ya klorini unaitengeneza mwenyewe. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, ina haipokloraiti ya sodiamu, ikikutana na asidi inaachia klorini, gesi ya kijani-njano iliyotumika kuua askari kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na wewe unasugua choo ukiwa umechuchumaa, mlango umefungwa. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, nyingine siku nyingine. Na choo kisichomwagiwa maji vizuri kina mkojo, mkojo una amonia, Jik juu yake nayo inatoa gesi mbaya. Kikohozi kikiendelea nenda hospitali na uwaambie ulichanganya nini.

Dada ananiambia maji ya limao asubuhi yanaondoa asidi mwilini. Limao si ndo asidi? Kidato cha kwanza, Morogoro.

Ndio hiyo hiyo, na umeuliza vizuri kuliko watu wazima wengi wanaouza "maji ya alkali" kwa bei ya kuku. Tumboni mwako tayari kuna asidi ya haidrokloriki yenye pH kama 1.5 hadi 3, limao halina cha kuifanya. Damu nayo inakaa 7.35 mpaka 7.45, mapafu na figo ndo walinzi wake, haibadiliki kwa sababu ya kikombe cha asubuhi. Dada akipenda maji ya limao anywe, asukutue mdomo baadaye kwa ajili ya meno. Ila mwenye kiungulia akinywa limao anajiongezea, vidonge vya kiungulia ni besi, haidroksidi ya magineziamu au kabonati ya kalsiamu, vinakwenda kuizima ile asidi, na hivi vya kabonati vinatoa gesi, ndo maana ukivimeza unacheua.

Assalaam alaykum. Baba yangu anachoma chokaa kusini Unguja. Jiwe likitoka tanuruni ni jepesi, ukilimwagia maji linachemka bila moto. Mwalimu wangu anasema huo ni mmenyuko lakini mtihani haujawahi kuuliza. Nieleze.

Waalaykum salaam. Mtihani haujui unachokosa.

Baba yako ana mimenyuko mitatu kwenye kazi moja. Matumbawe ni kabonati ya kalsiamu, CaCO3. Anayapanga juu ya magogo, anawasha, na tanuru likifika kama nyuzi 900 jiwe linavunjika: CaCO3 → CaO + CO2. Hewa ya ukaa inapanda na moshi, haionekani, lakini ipime kwenye mizani, katika kilo 100 za jiwe safi zinabaki 56 tu. Zile 44 zimekwenda angani. Ndo wepesi unaousema.

Kinachobaki, CaO, ni chokaa kali, ina kiu. Ukiimwagia maji inayashika: CaO + H2O → Ca(OH)2, na joto linalotoka hapo ndo linachemsha, jiwe linapasuka na kusambaratika lenyewe kuwa unga. Usisimame karibu bila kukinga macho, hii ni besi yenye nguvu na jichoni inaharibu vibaya. Unga huo ndo unaochanganywa na mchanga kujengea, na ndo ule ule bibi anaoupaka kwenye tambuu, mate yanakuwa mekundu kwa sababu popoo na besi vimekutana mdomoni. Mwenzako wa Tanga na shati lake angekuelewa.

Mmenyuko wa tatu unatokea ukutani, taratibu, miezi na miaka. Chokaa inafyonza hewa ya ukaa kutoka hewani na kuwa CaCO3 tena, yaani imerudi jiwe. Kuta za Mji Mkongwe ni matumbawe yaliyogandishwa na matumbawe. Wanaozipiga plasta ya simenti juu wanazifungia unyevu ndani, halafu wanashangaa plasta inabanduka. Ukitaka kuuona mmenyuko huu kwa dakika moja, koroga chokaa kidogo kwenye maji, iache izame, mimina yale maji maangavu ya juu kwenye glasi safi, puliza taratibu kwa mrija (puliza, usivute!). Yatakuwa meupe kama maziwa yaliyozimuliwa. Huo weupe ni jiwe, kaboni yake imetoka kwenye pumzi yako.

Sasa mwalimu. Nyanya yangu huku Kakamega huchuja maji kwa majivu ya maganda ya maharagwe, anaweka kwa mrenda, anaita munyu. Munyu si ni chumvi? Lakini nimejaribu na litmasi imekuwa bluu. Ni chumvi ama ni besi?

Poa sana, na mpe nyanya heshima zangu. Ni chumvi inayoleta besi, msishindane. Kwenye majivu ya mimea kuna kabonati ya potasiamu, K2CO3. Kwa lugha ya kemia hiyo ni chumvi, sio kila chumvi ni ya mezani, lakini ikiyeyuka inapokonya maji protoni, na litimasi inageuka bluu. Inafanya kwenye mrenda kile kile magadi yanachofanya kwenye maharage, inalainisha na kuubakiza kijani. Jina alkali lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea, na ile K ya potasiamu inayowasumbua kwenye jedwali la elementi kwa sababu haifanani na jina imetoka humo humo, kaliamu. Nyanya anapika na mzizi wa neno.

Ukitaka kuwaonyesha wenzako darasani chukua majivu ya leo kutoka mafigani, loweka, chuja kwa kitambaa, dondosha kwenye karatasi ya manjano. Usichukue ya kwenye lundo la nje, mvua imeshayaosha, kabonati imekwenda na maji na utadondosha mchana kutwa karatasi ikikutazama njano vile vile.